Ndani ya Dago

Neno dago halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Pemba. Lakini kwa kuwa kurasa hizi huwafikia hata walio mbali na pwani, na tulieleze kwa ufupi. Dago ni kambi ya wavuvi waliotoka kwao wakaweka makao ya muda katika ufuo wa wenyewe, au katika kisiwa kisichokaliwa, kwa bamvua moja, kwa mwezi, au kwa msimu mzima wa kaskazi. Anayesema anakwenda dago hasemi kwamba anahama, wala hasemi kwamba anatembea. Yumo katika hali ya kati, na kwa hali hiyo hujenga nyumba: nyumba ndogo, ya kuegesha, ambayo siku anapoisimamisha tayari anaijua siku ya kuing'oa.

Wapemba wote wana habari za dago, ila watu wa Kojani ndio mabingwa wake. Kisiwa chao, kilicho upande wa mashariki katika Wilaya ya Wete, ni kidogo na watu wake ni wengi. Shamba lao ni bahari, na bahari haina mipaka ya vijiji. Ndiyo maana vyombo vya Kojani vimezoeleka Kigombe na Tanga, Mafia na Kilwa, na ng'ambo ya mpaka huko Vanga, Shimoni, Malindi hata Kipini. Kila vilikofika, dago limejengwa. Yamkini hakuna watu wengine katika mwambao huu waliojenga nyumba nyingi kuliko hawa, wala walioacha magofu machache kuliko wao.

Swali langu ni hili. Nyumba ambayo mwenyewe anajua kwamba ataiacha, je, ina haki ya kutengenezwa vizuri? Na likishajibiwa hilo linazuka jingine, zito kuliko la kwanza: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba nyumba fulani ni ya kupita tu?

Katika ushairi wetu jibu la swali la kwanza limezoeleka mno, hata halisikiki tena. Dunia ni kituo, dunia ni kivuli cha mti wa njiani, dunia ni dago. Basi msafiri asijitaabishe kupamba asipokaa. Sina ugomvi na mafundisho ya zuhudi, ambayo ni ya kweli na yana watu wake. Ugomvi wangu ni na tashbihi. Mshairi ameazima dago bila ya kuingia ndani yake. Amelitazama akiwa baharini, akaona makuti yaliyoinama na moshi unaopanda, akahukumu kwamba hapo hapana anayejali kitu. Lau angeshuka, akainama mlangoni na kuingia, tashbihi ingemgeukia mkononi.

Na tuingie basi, lakini kwa utaratibu, kwani dago huanza kujengwa kabla ya kufika pwani. Huanza siku ya kupakia chombo. Anayepakia anajua kwamba kila kinachoingia kitakuwa na kazi mbili au kitaachwa nyumbani. Tanga ni la upepo, lakini usiku wa kwanza ndilo paa: foromali hulazwa juu ya nguzo mbili za panda, tanga likaangushwa pande zote, na watu wakalala. Kamba iliyofunga mzigo njiani ndiyo itakayofunga mapao. Dumu la maji likishamalizika huwa boya. Sanduku la vifaa ni kiti cha mpishi. Hata mkeka, ambao bara ni kitu cha kulalia tu, huku ni kitanda usiku, meza mchana, na pazia siku ya mvua ya ubavuni.

Kesho yake ndipo huanza ujenzi hasa. Wenye haraka husuka makuti ya kumba, kazi ya muda mfupi kwa mkono uliozoea. Wenye nia ya kukaa msimu hutafuta makuti ya viungo, kwa sababu kumba halistahimili mvua ndefu. Nguzo huchimbiwa mchangani kwa kina kuliko inavyotazamiwa, maana mchanga hauna ahadi. Mlango hupewa mgongo wa upepo. Mafiga matatu huwekwa nje, chini ya upenu, upande ambao moshi utakwenda zake bila ya kupita kwanza ndani ya macho ya waliolala. Haya yote ni maarifa ya kawaida na sitayarefusha.

Utajiri wa jambo uko ndani. Dago la watu wanane halina chumba hata kimoja, lakini lina mipaka mingi kuliko jumba la ghorofa. Kila mtu ana upana wa mkeka wake na furushi lake kichwani pake, na hapo ndipo mwisho wa milki yake. Mtungi au dumu la maji ya kunywa huwekwa penye kivuli, lenye kata yake, na kata hiyo haichoti kitu kingine. Karabai ina ndoano yake. Nyavu zilizolowa haziingii ndani abadani; kamba yenye maji ya chumvi ikiwekwa juu ya mkeka wa mwenzako, hiyo si bahati mbaya tena, hayo ni maneno. Juu, pale ambapo mkono mrefu hufika na panya hafiki, inaning'inia susu, na ndani ya susu kimo kiporo cha usiku, chumvi iliyofungwa, na pengine kipande cha papa mkavu kilichowekewa siku ambayo bahari itakataa. Pembeni, safi kuliko vyote, umekunjwa msala.

Aliyewahi kulala humo anajua kwamba utaratibu huu haukuletwa na mapenzi ya urembo. Umeletwa na giza. Saa tisa za usiku maji yakianza kutoka, watu wanane huamka pamoja, taa haijawashwa, na kila mmoja hunyoosha mkono akakipata chake. Kitu kilichohamishwa mahali pake kwa shibiri moja ni dhulma ndogo, kwa sababu kimempotezea mwenzako dakika, na dakika hiyo bahari haimngoji.

Sidhani kwamba jambo hili ni la Pemba peke yake. Marekani, tangu miaka ya 1930, na Ulaya vilevile, wako watu wanaojijengea wenyewe kijumba juu ya tela la magurudumu mawili na kukifunga nyuma ya gari ili wakapige kambi milimani au pwani. Kile kilichopendwa kuliko vyote kina umbo la tone la maji, bapa la mbao lililopindwa mgongoni. Upana wake aghalabu ni futi 4 na urefu futi 8, kwa kuwa huo ndio ukubwa wa ubao mmoja wa plaiwudi unavyouzwa dukani, na fundi wa nyumbani hapendi kukata asipolazimika. Ndani ni kitanda tu. Nyuma huinuliwa kifuniko, na chini yake kuna jiko: rafu ya sahani, mahali pa dumu la maji, kijisanduku cha chumvi na majani ya chai. Mpishi husimama nje, kifuniko kikamfaa kuwa upenu. Mvuvi wa Kojani akionyeshwa kijumba hicho atacheka kwa kufurahi, maana atakuwa ameyatambua mafiga yake.

Na atatambua zaidi akiambiwa kanuni ya kupakia. Wajenzi wa matela wanajua kwamba uzuri wa ndani si hiari ya macho. Vitu vizito vikiwekwa nyuma ya ekseli, tela linaanza kuyumba barabarani kama mkia wa samaki, na gari linaweza kuangushwa nalo. Kwa hiyo hupima ili sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wote, au zaidi kidogo, iegemee mbele kwenye ndoano. Fundi akichonga kabati la maji pembe ya nyuma kwa sababu pamependeza, amechonga ajali. Sisi tuna neno la jambo hilo tangu enzi za majahazi, nalo ni farumi: uzito uwekwao chini ya chombo ili kisipinduke. Nahodha hakubali abiria ahamishe gunia kwa sababu mgongo wake umechoka kuliegemea. Kumbe basi kupanga vitu ndani ya nyumba isafiriyo ni kupanga kama itafika au haitafika, na anayedharau mpango wa ndani kwa hoja kwamba safari ni fupi hajui kwamba safari fupi ndiyo isiyompa nafasi ya kurekebisha.

Historia yenyewe inaungama asili ya baharini. Mwaka 1885 William Gordon Stables, Mskochi aliyekuwa tabibu katika meli za kivita za Uingereza, aliagiza kutengenezewa mjini Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili, la kulala na kula ndani yake, kwa ajili ya matembezi tu. Alilipa jina la Wanderer, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1886 akaliita jahazi la nchi kavu. Wenye kupenda kambi za magurudumu humhesabu kuwa baba yao. Lakini hapa nina neno. Tabibu huyo alisafiri na mwendesha farasi na mtumishi. Sebule ilikuwa yake na vitabu vyake; wapigao kazi walikuwa wengine. Ndani ya jahazi lake la nchi kavu palikuwa na bwana, na uzuri wa kabati haukuliondoa jambo hilo. Dago pia lina nahodha, na mgawo wa samaki una hesabu zake ambazo si sawa kwa wote, tena zina malalamiko yake ya siku nyingi. Hata hivyo usiku mkeka wa nahodha una upana ule ule, na mvua ikivuja haiulizi cheo.

Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, zimetajwa nyumba za aina mbili katika neema moja: zile za kutulia, na zile za ngozi za wanyama, zilizo nyepesi siku ya safari na siku ya kutua. Mimi si mfasiri na sitavuka mpaka wangu. Nataka tu kuangalia kwamba nyumba nyepesi imehesabiwa pamoja na nyumba nzito, na haikuwekwa chini yake kama kitu cha wasiobahatika kupata mawe.

Hayo mawe nayo Pemba inayajua. Pale Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo mabaki ya ngome ya karne ya 15 ambayo masimulizi huinasibisha na Mkama Ndume. Jina lenyewe ni hukumu: mwenye kuwakama wanaume kama ng'ombe. Masimulizi husema kwamba wajenzi wake walitakiwa kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Husema pia kwamba kisima kiligawanywa kwa ukuta, ili wake zake wawili wateke maji bila ya kuonana. Sijui kisa kingine cha mapambo ya ndani chenye huzuni kama hicho, ukuta wa mawe ndani ya maji! Ngome ilijengwa ili isiondoke, na haikuondoka. Aliyeondoka ni kila aliyekuwamo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliziangalia nyumba za mawe za Pate kwa jicho hilo hilo, akavitazama vidaka ambamo vilipangwa vyombo vya Kichina na ambavyo sasa vilikuwa makao ya ndege. Lakini tumezoea kuusoma utenzi ule kana kwamba unasema vidaka visingechongwa. Mimi naona mshairi asingelia hivyo kwa ajili ya vidaka vilivyochongwa ovyo.

Basi kudumu si kipimo. Jiwe halikuipa ngome ya Pujini heshima iliyokosa, na kuti halikulinyima dago heshima iliyo nayo. Kitu kinachodai uangalifu katika nyumba ni waliomo, kwamba watu wamelazana humo, mwili na mwili, na usingizi wa mmoja umo katika mkono wa mwenziwe. Hilo ni deni la usiku mmoja kama lilivyo deni la miaka mia.

Lakini lipo deni jingine, na hapa dago lenyewe lapaswa kusimamishwa mbele ya kadhi. Nguzo zilitoka wapi? Fito zilikatwa kwa nani? Dago zuri, lililonyooka, lenye chanja cha kukaushia samaki na kuni za kutosha, limekula kitu cha watu. Mkoko uliokatwa kwa nguzo ya msimu mmoja hauwezi kurudi katika msimu mmoja. Wavuvi wa dago huwa wageni, na mgeni akijisitiri kwa kumvua nguo mwenyeji hajafanya adabu, hata akiwa amepanga vitu vyake ndani kwa unadhifu wa ajabu. Malalamiko ya wenyeji wa pwani mbalimbali juu ya madago, kuanzia miti hata nyavu zinazokokota, ni ya zamani na mengi yana haki.

Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba, kinatufundisha hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni hadithi ya jina lake, ambayo watoto wetu wanaijua. Inasimuliwa kwamba mtu mtakatifu, Hadhara, aliwatokea wavuvi waliokuwa hapo akawaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akawaambia kwamba kisiwa chenyewe kitakuwa mithali ya msala, kwani kimeelekea kibla. Na ndipo kikaitwa Misali. Husimuliwa kwa kutukuza kisiwa, na ni haki. Lakini mimi husimama kwa wale wavuvi. Walikuwa dago, kila kitu chao kilikuwa na mahali pake na kazi yake, mgeni akaja na haja moja ndogo kuliko zote, na hawakuweza kumtimizia. Hadithi haiwalaumu. Inakwenda mbali kuliko lawama: inautandika mkeka walioukosa chini ya miguu yao wenyewe, ili kuanzia siku hiyo anayesimamisha nguzo Misali ajue kwamba anachimba katika msala.

Ya pili ni ya sheria. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na tangu 2005 imo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Kisiwa hakifiki kilomita moja ya mraba, nacho kina fukwe ambazo kasa hupanda kutaga, na pande zake zina matumbawe ambayo wavuvi wengi sana huyategemea. Madago yalikuwapo tangu hapo, na waliopanga hifadhi hawakuweza kujifanya hawayaoni. Wapo waliozungumza na wavuvi kwa lugha ya amana na ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, wakaeleweka haraka kuliko waliokuja na ramani. Jambo hilo halikunishangaza. Mtu anayelala usiku kucha bila ya kugusa mkeka wa mwenzake ameshasoma nusu ya somo la hifadhi. Nusu iliyobaki ni kumwambia kwamba kasa naye ana mkeka wake.

Siku ya kung'oa dago ndiyo inayomjaribu mtu kuliko siku ya kulijenga. Mapao hufunguliwa, kamba hukunjwa kwa ajili ya safari, makuti yaliyochakaa huchomwa au huachwa yakaoza. Nguzo nzuri hubaki zimesimama na mafiga matatu hubaki mahali pake, meusi. Kwa nini? Wengine watasema ni uvivu, mawe mazito na pwani zina mawe. Lakini mafiga yakiachwa hivyo, atakayefuata, awe mwenzao au mtu wasiyemjua hata kwa kabila, anaweka sufuria na kuwasha. Sijui ukarimu mwingine unaotolewa na mtu asiyekuwapo kwa mtu asiyemjua. Na kinyume chake kipo, tunakiona zaidi kila mwaka: plastiki, betri za tochi, vipande vya nyavu za nailoni vinavyoendelea kuvua bila ya mvuvi. Hivyo navyo ni vitu vya ndani vilivyoachwa nje. Mkeka wa ukindu uliosahauliwa hurudi kuwa udongo. Dumu lililosahauliwa halirudi kuwa kitu. Dago la leo linaweza kudumu kuliko ngome ya Pujini, tena sehemu yake mbaya tu.

Sasa nalirudia swali la pili. Mpaka hapa nimesema kana kwamba mwenye dago ndiye asemaye kwamba hili ni dago. Si kila mara.

Mwezi Januari 2001, baada ya risasi zilizopigwa Pemba tarehe 27 katika maandamano ya kupinga uchaguzi, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakafika Shimoni. Walipanda vyombo vile vile, wakafuata njia ile ile, na pengine usiku wa kwanza walijifunika tanga kama siku zote. Lakini hapana aliyesema kwamba amekwenda dago. Ukiangalia vitu tu, vyote vilikuwapo: kamba, sufuria, mkeka. Kilichokosekana ni siku ya kurudi ambayo mtu huibeba kichwani anapopakia. Bila ya siku hiyo, kijumba cha makuti huwa kitu kingine kabisa, na ujuzi wote wa kukipanga humuuma mwenye nao.

Upande wa pili wapo waliokwenda dago kweli, wakarefusha. Tangu kabla ya uhuru wa Kenya, na katika miaka ya 1960 na baadaye, Wapemba walituama katika pwani ile: Vanga, Shimoni, Mayungu, Kipini na kwingineko. Msimu ulizaa msimu. Wanawake wakafika, au wakaolewa huko huko, na nyumba ikabadilika ndani kabla ya kubadilika nje. Lugha yetu imeliona jambo hili, ingawa sidhani kwamba ililikusudia, kwa kuwa na neno moja kwa vitu viwili. Susu ni kile kinachotundikwa darini kuhifadhi chakula. Na susu ni kile alazwacho mtoto mchanga. Siku ambayo kilichoning'inia ndani ya dago kilikuwa cha pili, mwenye dago alikuwa amejibu swali, hata kama makuti yalikuwa ni yale yale na nguzo bado za panda.

Serikali haikujibu. Kwa miongo mingi watu hawa, na watoto wao, na wajukuu wao waliozaliwa hapo, walihesabiwa kuwa wapitaji. Bila ya kitambulisho mvuvi hawezi kupata leseni ya kuvua, na anayevua bila ya leseni hukimbia chombo cha doria kama mwizi katika maji ambayo babu yake aliyavua. Hawezi kufungua akaunti wala kusajili simu kwa jina lake. Mtoto husoma hadi pale skuli inapodai cheti cha kuzaliwa. Mtu ameweka saruji, ameweka mlango wa mninga, ameweka kitanda na kabati la vyombo. Na bado karatasi, yaani kukosekana kwa karatasi, inamwambia kila siku kwamba yuko dago. Sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa wasio na utaifa waliokuwako kabla ya 12 Desemba 1963. Wamakonde wa Kwale waliupita baada ya kutembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Wapemba walingoja hadi mwezi Julai 2023, pale Rais William Ruto alipowakabidhi hati mjini Kilifi na jamii yao ikatambuliwa kuwa miongoni mwa jamii za Kenya.

Yapo maneno yanayosemwa dhidi ya haya, na yana uzito wake. Mwenyeji aliyempa mvuvi kipande cha ufuo kwa msimu hakumpa kwa ukoo mzima. Ikiwa kila dago litageuka mji, ni nani atakayekaribisha dago tena? Hoja hii siidharau. Ukarimu unataka mpaka ili ubaki ukarimu. Lakini mpaka huo ulipaswa kuwekwa msimu wa kwanza, kwa maneno, mbele ya mashahidi, kama wazee walivyokuwa wakifanya nahodha aliposhuka kuomba ruhusa. Hauwezi kuwekwa juu ya mtoto wa tatu wa kizazi cha tatu ambaye hakumwomba mtu ufuo wowote kwa sababu ndipo alipofumbulia macho. Mwenye dago anayo haki ya kusema kwamba nyumba yake ni ya kupita. Akisemewa na mwingine, tena baada ya miaka sitini, neno lile lile huwa amri ya kufukuzwa iliyocheleweshwa tu.

Na kazi haijaisha. Kupata hati mjini Kilifi ni siku moja. Baada yake kuna ofisi, kuna foleni, kuna mzee aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga ambaye sasa ni marehemu, na anaulizwa athibitishe mwaka. Kuna jamaa waliobaki Kojani ambao bado hupakia tanga, kamba na madumu kaskazi ikikaribia, wakafika Vanga au Shimoni na kukuta binamu zao sasa ni wenyeji, wenye ufuo wa kuombwa. Huyo binamu naye atalazimika kuamua ni wapi pa kuwaonyesha wachimbie nguzo, na miti ipi wasiiguse.